GARI LA MOSHI LA BUBUBU

Mazungumzo kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Soweto ya Mbeya na Iringa, kama yalivyosemwa katika redio

   Natumaini kila darasa limekwisha kukaa na madaftari yamefunguliwa. Asiye na kalamu na aazime kwa jirani yake, maana leo kuna hesabu mbili tatu, na mwisho kuna kazi ya kuandika.

Wiki zilizopita tulisoma juu ya mbolea, na juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya chombo ambacho watu walikipanda wakaburudika; kikawapeleka na kuwarudisha, kisha kikaondolewa, na sasa hakipo. Najua yuko mtu huko nyuma ya darasa anayenong'ona kwamba hilo si jambo la kisomo. Asubiri kidogo.

Chombo chenyewe ni gari la moshi la Bububu.

Bububu ni mahali katika kisiwa cha Unguja, kaskazini ya mji, karibu na ufuko. Katika mji wa Unguja kuna ngome ya kale inayotazama bahari, nayo huitwa Ngome Kongwe. Mtu akitoka hapo akashika njia ya kaskazini, akapita Maruhubi na Mtoni, atafika Bububu baada ya maili saba hivi, yaani kama kilomita kumi na moja. Siku hizi watu huenda huko kwa daladala, na wengi wao hawajui kwamba zamani safari hiyo ilikuwa ya reli.

Unguja ilipata reli mapema kuliko mnavyodhani. Hata kabla ya reli ya Bububu kulikuwa na nyingine, ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888. Mwaka 1879 Sultani huyo alitandika reli kutoka jumba lake la mjini mpaka jumba lake la Chukwani, kusini ya mji. Mwanzoni mabehewa yalivutwa na nyumbu. Hapa sisemi nyumbu wa porini, ambaye wasafiri humwona Mikumi wakienda Dar es Salaam; nasema mnyama wa kufugwa, mtoto wa punda na farasi. Mwaka 1881 akanunua mashine ya mvuke kutoka Uingereza ifanye kazi ya nyumbu wale. Basi fikirini: reli nzima, na mashine yake, kwa ajili ya bwana mmoja na wageni wake kwenda kupunga upepo! Alipofariki mwaka 1888 reli ile iling'olewa na mashine ikawa chuma chakavu. Mimi reli hiyo hainisikitishi sana. Ilikuwa ya mwenyewe, ikaondoka na mwenyewe.

Lakini ile ya Bububu ilikuwa ya kila mtu mwenye nauli. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, na mwaka 1905 ikaanza kazi. Gari lilianzia karibu na Ngome Kongwe, likapita katika njia nyembamba za mji, kati ya nyumba na nyumba, kisha likatoka mjini na kwenda zake kwenye minazi na mikarafuu. Wenyeji walilipanda kwenda mashamba na kurudi mjini. Tena kulikuwa na behewa la daraja la kwanza, lililowekwa kwa ajili ya wasafiri wa meli. Maana siku zile meli kubwa zikitia nanga Unguja, abiria walishuka, nao walikuwa na saa chache tu za kutembea. Wakapanda gari la moshi, wakaona kisiwa, wakarudi melini.

Hivyo katika gari moja walikaa watu wa namna mbili. Mmoja alikuwa na safari ya lazima, na mwingine alikuwa na safari ya kujifurahisha. Hata hivyo siamini kwamba furaha ilikuwa ya yule wa daraja la kwanza peke yake. Mtu aliyezoea kwenda kwa miguu maili saba, na mzigo kichwani, siku ya kwanza akae juu ya benchi na kuona minazi inarudi nyuma yenyewe! Hata kama alikuwa anakwenda kuuza ndizi, alifurahi. Nani asiyekumbuka siku yake ya kwanza ya kupanda gari?

Mwaka 1911 serikali iliinunua reli hiyo. Baadaye motokaa zikaongezeka na barabara zikatengenezwa vizuri zaidi, na mwaka 1922 safari za abiria zikakomeshwa. Reli yenyewe haikufa siku ile. Iliendelea kwa miaka kadhaa kubeba mawe ya kujazia bahari katika kazi ya bandari. Kisha nayo ikang'olewa.

Sasa hesabu ya kwanza. Andikeni 1922, chini yake andikeni 1905, mtoe. Mmepata ngapi? Kumi na saba. Kwa muda wa miaka kumi na saba watu wa Unguja walikuwa na gari la moshi la abiria kwenda Bububu. Si muda mrefu. Mtoto aliyezaliwa siku lilipoanza, alikuwa hajafikisha umri wa kuoa siku liliposimama.

Haya yote niliyowaambia, nimeyajuaje? Mimi sikuwako, wala babu yangu hakuwako. Kwetu ni huku huku milimani. Nimeyajua kwa sababu yaliandikwa. Yako katika vitabu: kampuni gani ilijenga, mwaka gani serikali ilinunua, mwaka gani abiria walikatazwa. Watu wa mahesabu waliandika mambo yao, nami nawashukuru. Lakini mkiniuliza yule mama mwenye ndizi alisema nini gari lilipopiga honi, sina la kuwajibu. Mkiniuliza watoto wa njia zile nyembamba waliitana vipi waliposikia linakuja, ni vile vile. Hayo ndiyo yaliyolifanya gari lipendwe, na hayo ndiyo ambayo watu wengi hawakudhani kwamba yanafaa kuandikwa.

Kuna habari nyingine inayofaa sana kwa darasa letu, nayo ni habari ya jina lenyewe.

Nilipokuwa Unguja kwa kazi niliongea na mzee mmoja, mtu wa heshima na mcheshi. Nikamwuliza kwa nini Bububu huitwa Bububu. Akaniambia bila kusita, "Mwanangu, ni mlio wa lile gari. Lilikuwa likienda bu-bu-bu, bu-bu-bu." Akauiga mlio kwa mdomo na kwa mikono, hata waliokuwa barazani wakacheka. Habari hiyo husimuliwa na watu wengi, na wageni wanaofika huko huambiwa hivyo hivyo. Nayo ni tamu. Lakini si kweli.

Tunajuaje kwamba si kweli? Kwa kitabu. Seyyida Salme, binti wa Sultani Said, alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akatoka Unguja mwaka 1866, akaishi Ujerumani. Huko aliandika kitabu cha maisha yake, na kitabu hicho kilichapishwa mwaka 1886. Ndani yake anaeleza jinsi alivyokaa katika nyumba ya shamba karibu na bahari, na mahali hapo anapataja kwa jina: Bububu. Basi tazameni miaka. Kitabu ni cha 1886. Gari la moshi la Bububu ni la 1905. Mtoto hawezi kumzaa mama yake. Na kama kuna mjanja darasani atakayesema, "Huenda ni ile reli ya Barghash," mwambieni kwamba ile ilikwenda Chukwani, upande wa kusini, tena Salme alikuwa amekwisha kuondoka miaka kumi na mitatu kabla haijatandikwa.

Wako wanaosema kwamba jina limetoka kwenye maji, maana huko kuna chemchemi, na maji yakitoka ardhini kwa nguvu twasema yanabubujika. Bu-bu-jika, Bu-bu-bu: mnaona wenyewe. Mimi nawaachia mfikiri.

Simcheki mzee yule. Alitunza alichoambiwa, na bila yeye nisingeusikia mlio. Nyote mmeona katika mitaa yenu: habari ikipita midomo mitatu, ya nne ina mkia. Lakini ukurasa mmoja ulioandikwa na mwanamke mmoja aliyekumbuka kwao ulimaliza ubishi, ingawa yeye mwenyewe hakujua kwamba utakuja kuwako.

Hesabu ya pili. Mtoto aliyepanda gari la Bububu mwaka 1922, naye ana miaka kumi, alizaliwa mwaka gani? Toeni kumi. Mwaka 1912. Tafuteni sasa leo angekuwa na miaka mingapi. Mmekwisha? Basi mmeona kwa nini siwezi kwenda Unguja kumwuliza.

Linganisheni na chombo kingine, cha mbali zaidi, nacho vile vile hakipo. Mwaka 1893 kulikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa Chicago, Marekani. Mhandisi mmoja, jina lake George Ferris, akajenga bembea ya gurudumu. Bembea za namna hiyo zilikuwako kabla yake, ndogo, za mbao, lakini yake ilikuwa ya chuma, na kimo chake karibu mita themanini. Mnara wa simu mnaouona juu ya kilima, wengi ni mfupi kuliko hiyo bembea. Ilikuwa na vyumba thelathini na sita, na kila chumba kiliweza kuchukua watu sitini. Zidisheni: 36 mara 60. Ni watu 2,160 kwa mara moja. Kijiji kizima, wazee na wachanga, kikiwa hewani! Ilizunguka mara mbili kwa kila safari: mara ya kwanza kwa kusimama simama ili watu wapande na kushuka, mara ya pili bila kusimama. Nauli ilikuwa senti hamsini za Kimarekani. Ferris mwenyewe alifariki mwaka 1896, kijana wa miaka thelathini na saba. Bembea yake ikahamishwa, ikafanya kazi tena katika maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na mwaka 1906 ikavunjwa kwa baruti. Hata hivyo mpaka leo duniani, katika lugha ya Kiingereza, bembea za gurudumu huitwa kwa jina lake. Na kila kitu chake kinajulikana, hata idadi ya viti, kwa kuwa watu wa Chicago walikuwa na magazeti mengi, na waliopanda waliandika barua kwa ndugu zao.

Sasa turudi kwetu Mbeya.

Katika darasa moja la Soweto kuna mama mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu. Alianza kusoma pamoja nasi akiwa hawezi kushika kalamu ipasavyo. Nilipolieleza darasa lake habari hii ya gari la Bububu, aliguna, akasema, "Kumbe hata mambo ya kuchezea huandikwa?" Wiki iliyofuata akaniletea karatasi. Amenipa ruhusa kuisoma, ila jina lake nisilitaje. Ameandika hivi:

"Zamani nilipanda bembea. Ilikuwa siku ya Saba Saba. Bembea ilikuwa ya mbao, ina visanduku vinne. Haikuwa na mashine. Vijana wawili waliizungusha kwa mikono, mmoja huku na mmoja huku. Nilipanda na mdogo wangu katika kisanduku kimoja. Baba alitulipia. Tulipofika juu niliona mabati ya soko na moshi wa wachoma mahindi. Mti wa katikati ulikuwa unalia kama mlango. Mdogo wangu alinishika shingo, akacheka mpaka akalia. Tuliposhuka alitaka tena, lakini fedha ilikuwa imekwisha. Tulirudi nyumbani kwa miguu na mvua ndogo. Mdogo wangu alikufa mwaka ule ule kwa surua. Sina picha yake. Bembea ilivunjwa, sijui ni lini."

Ndiyo yote. Nusu ya ukurasa. Niliisoma mara mbili, kisha nikatoka nje nikasimama kidogo.

Nataka mjue jinsi karatasi hiyo ilivyopatikana, kwa maana haikuja hivyo mara ya kwanza. Mara ya kwanza aliandika maneno manane tu: "Zamani nilipanda bembea. Ilikuwa nzuri. Nilifurahi sana. Mwisho." Mhesabu wenyewe mwone kama nimekosa. Sikumwambia kwamba ni mbaya. Nilimwuliza maswali, kama vile jirani amwulizavyo jirani aliyetoka safari. Ulipanda na nani? Nani aliizungusha? Nani alilipa? Ulipofika juu uliona nini? Kulikuwa na sauti gani? Kila alipojibu nikamwambia, "Andika hilo." Alipofika kwenye sauti ya mti wa katikati alifumba macho, akasema, "Kama mlango wa mama mkwe." Wenzake wakacheka sana. Katika kuandika aliliacha neno la mama mkwe, nami sikumlazimisha kulirudisha. Habari ya mdogo wake sikumwuliza kabisa. Ilikuja yenyewe, ikifuata ile sauti.

Mkiandika kwamba kitu kilikuwa kizuri, msomaji hajaona kitu. Mkiandika kwamba visanduku vilikuwa vinne, na kwamba mti ulilia, amekwisha kupanda pamoja nanyi. Hiyo ndiyo tofauti ya karatasi ya kwanza na ya pili, wala haihitaji maneno makubwa. Mama yule hana neno hata moja gumu.

Tena msingoje mpaka mjue kuandika bila makosa. Katika karatasi ile "kisanduku" kilikosa herufi moja, na nukta zilikuwa chache; tumezitia baadaye pamoja. Makosa ya herufi husahihishwa siku yoyote. Bembea iliyosahaulika hakuna mwalimu awezaye kuisahihisha.

Basi hii ndiyo kazi yenu ya wiki. Kila mtu afikiri juu ya chombo kimoja alichokipanda akafurahi, ambacho sasa hakipo. Si lazima iwe bembea. Wako kati yenu, hasa wazee, waliosafiri kati ya Iringa na Mbeya kwa mabasi ya Relwe, kabla reli ya TAZARA haijajengwa. Mliketi wapi? Dereva alikuwa mtu wa namna gani? Basi likikwama katika matope, nani alishuka kusukuma na nani alijifanya amelala? Reli ya TAZARA yenyewe ilijengwa tangu mwaka 1970 mpaka 1975. Aliyekuwako siku alipoona gari la moshi huku kwetu kwa mara ya kwanza, aandike hilo. Aliyebebwa juu ya trela la trekta la kijiji, au nyuma ya baiskeli ya baba yake, naye aandike. Hata kamba iliyofungwa katika mwembe inafaa, kama mwembe umekwisha kukatwa.

Wenzangu wa Soweto nawaongezea kidogo. Jina la mtaa wenu lilitoka Afrika ya Kusini. Huko ni jina lililoundwa kwa herufi za mwanzo za maneno matatu ya Kiingereza, ambayo maana yake ni vitongoji vya kusini-magharibi, yaani kusini-magharibi ya mji wa Johannesburg; likawa jina rasmi mwaka 1963. Yeyote kati yenu aliyehamia Soweto ya Mbeya zamani, nyumba zikiwa chache, aandike aliyoyakuta, na aliyosikia watu wakisema juu ya jina hilo. Msije mkatuachia kazi ya Bububu.

Andikeni sentensi kumi, si chini ya hapo. Sentensi moja iwe na hesabu ndani yake: idadi, au bei, au mwaka. Sentensi moja iwe na sauti. Sentensi moja imtaje mtu mliyekuwa naye. Kisha msomeane kwa sauti, wawili wawili, na msikilizaji aulize maswali matatu, na mwandishi aongeze majibu. Asiyeweza bado kuandika sentensi kumi amwambie mjukuu wake aandike, lakini amsimamie, maana vijana hupenda kufupisha.

Walimu wa madarasa, tafadhali kusanyeni karatasi siku ya Ijumaa na kuziweka katika jalada la darasa. Msizirudishe kwa alama nyekundu nyingi. Wiki ijayo nitasoma mbili kutoka Iringa na mbili kutoka Mbeya, na yule mama wa Soweto ameahidi kuongeza habari ya wale vijana wawili waliozungusha bembea, kwa kuwa mmoja wao, asema, ndiye aliyekuja kumwoa.

Kwaherini, wasikilizaji wangu. Zimeni redio mfungue madaftari.